Tazama Sura Kabla ya Kupiga

Kama una mtoto amelala chumba cha pili, nenda kwanza ukamsikilize anavyopumua, halafu rudi uketi. Nitakungoja. Kisa hiki hakitaki mtu ainuke katikati.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambao Lubumbashi yote inanuka majani yaliyochomwa na kila mtu ana vumbi jekundu kwenye kope. Jua lilikuwa linazama upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Ngalula alitoka na ndoo tupu kwenda depo kuchukua makaa ya mbabula, lile jiko la bati, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na bukari, ugali wa huko, haijipiki yenyewe.

Depo kilikuwa kijumba cha matofali nyuma ya nyumba, kimeegemea kichuguu. Huko watu hawaendi mbali kutafuta udongo wa kujengea. Unapata lupango, yaani kiwanja, chenye kichuguu kikubwa, unakikata, unafyatua matofali, unayachoma hapo hapo, na kichuguu kikiisha unasawazisha na kupanda mahindi. Kila mtu anafanya hivyo. Adrien, mume wa Ngalula, alikata nusu tu. Nusu ya pili, yenye tundu, alisema isiguswe na mtu, halafu akaijengea depo kama mtu anayemjengea mgeni chumba. Majirani walicheka sana. Ngalula naye alicheka, akidhani mume wake amechoka tu kufyatua matofali.

Alishika mlango wa depo. Akasikia kikohozi.

Khh... khh...

Kikohozi kidogo, cha mtoto, kutoka ndani, gizani.

Aligeuza shingo polepole kutazama nyumba. Kupitia dirisha la jikoni alimwona binti yake Plamedie, miaka minane, amelala kwenye mkeka, mdomo umefungwa.

Khh...

Ngalula alifanya alivyofundishwa. Hakupiga kelele, hakukimbia, hakugeuza mgongo. Alisimama kama nguzo mpaka moyo ulipotulia, kisha akarudi kinyumenyume, hatua moja, hatua nyingine, mpaka kisigino kilipogusa ngazi ya jikoni. Usiku ule walikula mkate na chai baridi.

Aliyemfundisha hivyo alikuwa Chomba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mchoma makaa, wa familia zilizokuwa pale kabla ndege ya kwanza haijatua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili alivichukua nyoka wa kifutu siku alipokuwa anafunga kuni bila kutazama, na yeye mwenyewe alikuwa akivitaja bila huruma, kama mtu anayesema habari za jirani mjinga.

Ngalula na Adrien walikuwa watu wa Kasai waliozaliwa Lubumbashi, katika nyua zilizosongamana za mtaa wa Kenya, na nyoka walikuwa wakimjua kwenye mahubiri tu. Walipohamia upande wa Luano, wiki ya kwanza Adrien aliua nyoka wa rangi ya kahawia kwa sepetu, akamtundika kwenye waya wa uzio ili watu waone. Chomba alikuwa akipita na magunia yake. Alimtazama yule nyoka, akatikisa kichwa.

"Mama, ni nani aliua huyu?"

"Ni bwana yangu."

"Aliua mulinzi wake. Huyu anakulaka panya, hana sumu hata kidogo. Sasa panya batazaa, na kifutu atakuya kutafuta panya. Utaniambia."

Kifutu alikuja siku ya sita. Ngalula alimkuta amejikunja kando ya beseni, mnene, mvivu, anavuta pumzi kwa sauti ya mpira wa baiskeli unaovuja. Tangu siku hiyo, kila Adrien akienda dukani kwake Kenya, ambako aliuza vipuri vya magari, Chomba alikuwa anapita kufundisha.

Alifundisha kwa ukali. Matofali yaliyobaki yasirundikwe karibu na ukuta. Majani yakatwe. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Swila akiinua shingo, funika macho, rudi nyuma, na akikutemea usisugue, osha kwa maji mengi. Koboko usimzuilie njia, yeye mwenyewe hataki mazungumzo. Ukiumwa usikate, usinyonye, usiweke lile jiwe jeusi ambalo watu wanauziana sokoni. Kaa tulivu, mguu usisogee, upelekwe hospitali.

Na jioni, kabla ya kulala, chekecha majivu kwenye kila kizingiti. Asubuhi utasoma nani alipita.

"Kifutu anaendaka sawa kamba," Chomba alisema, akichora kwa kidole. "Benzake banapinda-pinda. Na mbele ya kupiga nyoka, angalia sura yake kwanza. Bantu bengi banapiga mbele, banaangalia nyuma. Njo banaua mwenye hana kosa."

Ngalula alijifunza haraka, Chomba mwenyewe alikiri. Alikuwa na akili nzuri, na mtu mwenye mtoto mmoja tu hasahau somo la aina hiyo.

Huyo mtoto mmoja ndiye aliyekuwa shida yake kubwa. Plamedie alikuwa anakonda. Alikuwa anakula kama mfyatua matofali, sahani mbili, tatu, halafu anasema, "Mama, niko na njala." Mikono ilibaki mifupa. Hospitali walipima malaria, walipima tumbo, walipima damu, wakatikisa vichwa. Mtoto hakuwa na ugonjwa. Alikuwa anaisha tu.

Ngalula aliogopa kuliko alivyoweza kusema, kwa sababu aliwahi kuliona jambo hilo. Plamedie alipokuwa na miaka minne aliugua hivyo hivyo, mpaka daktari akawaambia kwa upole wamwite mchungaji. Siku ya tatu mtoto aliamka, akaomba mkate. Ngalula alitoa ushuhuda kanisani kwa muda mrefu sana, mpaka wazee wa kanisa wakaanza kutazama saa. Tangu hapo alikuwa na deni la shukrani kwa Mungu, akilipa kwa kufunga na kuomba, na sasa alikuwa anajiuliza amekosa wapi.

Asubuhi baada ya kile kikohozi, alichukua tochi akasoma majivu yake.

Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na alama.

Ilikuwa imenyooka kama ya kifutu. Lakini kifutu mwenye upana wa kiganja cha mwanaume bado hajazaliwa. Ilitoka depo, ikavuka ua, ikapita chini ya mlango, ikaburuta majivu kufuata ukumbi. Ngalula aliifuata kwa magoti. Iliingia chumba cha Plamedie. Ilifika kwenye godoro.

Ikaishia hapo.

Haikuwa na alama ya kurudi.

Alifunua shuka. Plamedie alikuwa amelala peke yake, amejikunja, ameacha nafasi kubwa upande wa ukuta. Ile nafasi ilikuwa na joto.

Chomba alikuja kabla jua halijapanda. Alichuchumaa juu ya majivu, akaanza kuonyesha kwa kidole, kisha kidole kikasimama. Katikati ya ile njia, kila baada ya hatua moja, palikuwa na shimo dogo la mviringo, kama pale mtu anapopumzisha uso.

"Ni chatu?" Ngalula alinong'ona.

"Chatu hana kidevu, mama."

Chomba aliinuka kwa shida. Rangi ya uso wake ilikuwa imepotea.

"Nyoka ya Mungu nilikufundisha. Hii haiko ya Mungu. Bantu njo banaitengenezaka. Banaiitaka ilomba."

"Inatafuta nini kwa mutoto yangu?"

"Iko na sura ya muntu mwenye banafunga roho yake ndani. Ukiua ile nyoka, na ule muntu anakufa, siku ile ile. Unasikia? Njo maana, angalia sura mbele ya kupiga."

"Na nikiiacha?"

"Itakula bantu mu nyumba. Moja, moja." Alikuwa ameshafika kwenye lango. Alikataa hata maji ya kunywa. "Mama, miye sikukuya hapa leo. Hata bakiuliza."

Ngalula alikaa jikoni mpaka mchana bila kugusa kitu. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekataza kichuguu kisiguswe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeng'ang'ania wahame Kenya, penye watu wengi na macho mengi, waje kukaa majanini. Sura ya nyoka huyo alikuwa anaijua kabla hajaiona, alikuwa amelala nayo mto mmoja miaka kumi na moja.

Alimpenda mume wake. Nalisema wazi ili usije ukadhani alikuwa mke wa kutafuta sababu. Alimpenda, na kufikia saa nane alikuwa ameshakata shauri kwamba atamuua. Hakulia. Alinoa panga kwenye ngazi, akachemsha maji kwenye mbabula ya jirani, akayafunika vizuri yasipoe. Plamedie alimuuliza anapika nini.

"Napika chai," alisema.

Jua lilipogusa majani, aliingia depo. Aliketi kwenye gunia la makaa, birika upande huu, panga upande ule, mlango ameuacha wazi kidogo. Alisubiri.

Kwanza ilikuja harufu. Alitegemea uvundo. Badala yake ilikuwa harufu ya mafuta ya mtoto na shuka lililokojolewa, harufu aliyoijua vizuri mno... Kisha udongo ndani ya tundu ulianza kusugua. Srrr. Kimya. Srrr.

Mwili ulitoka kwanza, mkunjo baada ya mkunjo, kijivu, mnene, umelegea ngozi kama mtu aliyekosa chakula siku nyingi. Ngalula aliinuka. Aliinua panga kwa mikono miwili. Kichwa bado kilikuwa ndani ya giza. Mkono wote ulikuwa unamwambia piga, piga sasa.

Angalia sura kwanza.

Alingoja.

Kichwa kikatoka kwenye mwanga.

Kilikuwa na mashavu yaliyobonyea. Kilikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, la siku Plamedie alipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Kilitabasamu, na pale mbele palikuwa na pengo la meno mawili.

"Mama," kilisema. "Niko na njala."

Na wakati huo huo, kutoka mkekani jikoni, kupitia dirishani, kwa sauti ile ile:

"Mama... niko na njala."

Panga lilianguka juu ya makaa. Ngalula hakulisikia. Nyoka alisogea polepole, akaweka kidevu juu ya mguu wake kama mtoto anayetaka kubebwa, akavuta pumzi. Ngalula alihisi kitu kinatoka kifuani mwake, kitu chembamba, kikivutwa kama uzi. Akakohoa. Alikuwa anakohoa tangu Jumapili na alidhani ni moshi.

Nyoka alipojigeuza, alichokuwa amekilalia kikaonekana. Kilikuwa kikwembe, kitambaa cha kujifunga. Kikwembe chake yeye, chenye ndege wa manjano, kilichopotea kwenye beseni la nguo chafu wiki iliyopita.

"Usimuguse," sauti ilinong'ona mlangoni. "Ngalula. Kuya huku. Polepole."

Adrien alikuwa amesimama na mfuko wa mkate mkononi. Alionekana mzee. Alimvuta mke wake nje, akafunga mlango, na pale pale, wameegemea matofali ya kichuguu, alisema yote kwa sauti ya chini.

"Unakumbuka wakati docteur alisema tuite pasteur?"

"Mungu alimuponesha."

"Non. Ni miye. Nilienda Sakania, kuko muzee moja kule, ku mupaka. Nilimupelekea kucha na nywele ya Plamedie. Alinipa kanyoka kadogo mu chupa. Alisema roho ya mutoto iko mule ndani sasa, magonjwa haitaiona tena. Kanyoka kakikula, mutoto anakula."

Ngalula alikuwa anakumbuka ushuhuda wake.

"Kila kiangazi inaomba muntu. Unaweka nguo yake. Ya jasho, yenye haiyafuliwa."

"Mama yako," alisema Ngalula.

"Eyo."

Mama mkwe alikufa kwa kikohozi cha siku tatu. Ngalula ndiye aliyemuosha. Mwaka uliofuata alikufa shangazi wa Adrien. Mwaka jana alikufa Guelor, mdogo wake Ngalula, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akija kila Jumamosi kufuliwa nguo na dada yake.

"Na Guelor?"

Adrien aliangalia chini.

"Adrien. Na Guelor?"

"Eyo."

Ndege ilipita juu yao kwa kishindo ikishuka Luano. Walingoja ipite, kama watu wenye adabu.

"Na mwaka huu ni miye."

"Nilikawia!" Sasa alikuwa analia. "Nilikawia kiangazi muzima. Njo maana anakonda vile. Usiku nilikuwa naomba, najiuliza nani, nani... Plamedie iko anaisha, Ngalula. Ni mutoto wetu."

"Juu ya nini haukuweka nguo yako?"

"Nikikufa miye, nani atajua namna ya kuilisha?"

Lilikuwa jibu la kweli, la mtu aliyefikiri sana. Ila alikuwa amemaliza kueleza namna ya kuilisha, neno kwa neno, kwa mtu ambaye Chomba mwenyewe alikiri kwamba anajifunza haraka.

Ngalula alimfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Alimwambia ameelewa. Alimwambia mama yeyote angekubali, na kwamba anaomba usiku mmoja tu wa kumkumbatia binti yake. Adrien alimkumbatia, akamwita mke wa ajabu. Mwanaume akiondolewa mzigo wa miaka minne hasikilizi vizuri sauti ya anayemwondolea.

Alimpikia bukari na samaki wa chumvi. Alimchemshia maji ya kuoga. Adrien alivua shati lake la bluu, shimizi kama wanavyoita huko, iliyoloa jasho la siku nzima ya soko la Kenya, akaitupa kitandani, akaenda kuoga huku akijifuta machozi.

Ngalula alivuka ua na shimizi ile chini ya kwapa. Hakuchukua panga. Aliingiza mkono tunduni mpaka kwenye bega, akavuta kikwembe, akaweka shimizi. Kitu laini kilimgusa vidole ndani mle, kikavishika kidogo, namna watoto wachanga wanavyoshika. Alikiacha kishike. Kikwembe alikifua mara tatu.

Asubuhi kifua chake kilikuwa chepesi.

Adrien alianza kukohoa wakati anavaa viatu.

Siku ya kwanza alisema ni vumbi. Siku ya pili hakwenda dukani. Alikuwa kitandani, macho makubwa, na kutoka pale alipolala dirisha lilimwonyesha ua wote, pamoja na kamba ya nguo.

"Shimizi yangu ya bleu iko wapi?" aliuliza.

"Iko ku kamba."

Kamba ilikuwa tupu. Adrien aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mke wake, na Ngalula hakugeuza uso.

Jioni ile aliinuka. Ngalula alimwona kutoka jikoni akivuka ua kwa kushika ukuta, kama mtu wa miaka tisini. Alifika depo. Alifungua mlango, akasimama pale. Tundu lilikuwa hatua tatu mbele yake, shimizi yake ndani, na nguvu za kunyoosha mkono alikuwa bado nazo. Alichokiona mle ndani, au alichoambiwa, alikijua mwenyewe. Alifunga mlango taratibu, akarudi kitandani.

"Plamedie alikula?" aliuliza.

"Alikula."

"Sahani ngapi?"

"Moja. Alibakisha."

Adrien alitikisa kichwa, akageukia ukutani. Alikufa Alhamisi, jua linachomoza, na Plamedie aliamka saa ile ile akiimba.

Msiba ulijaa watu. Walitoka Kenya kwa mabasi madogo na pikipiki, wakatandika mikeka ua mzima, wakaimba kwa Kiluba mpaka sauti zikakauka. Kila mmoja alimsifu Ngalula kwa kumuuguza mume wake. Ngalula alilia kweli. Hakuigiza hata chozi moja, na hilo ndilo linaloniogopesha mimi zaidi.

Chomba alikuja siku ya mazishi, akasimama nje ya lango, asiingie. Alimwita Ngalula kwa kidole.

"Uliangalia sura?"

"Niliangalia."

"Ilikuwa ya bwana yako?"

Plamedie alipita akikimbia, anafukuzana na binamu zake, mashavu yamejaa, mikono imejaa, anang'aa. Chomba alimtazama yule mtoto. Alimtazama mpaka akamaliza kuelewa. Kisha akarudi nyuma kinyumenyume, hatua moja, hatua nyingine, bila kugeuza mgongo.

"Usikanyage tena ku njia ya kwangu," alisema. "Weye na ule mutoto."

Ngalula hakukasirika. Alikuwa na hesabu yake kichwani, naye aliiamini. Kulikuwa na mwaka mzima mpaka kiangazi kingine. Ndani ya mwaka mtu anaweza kumtafuta yule mzee wa mpakani na kumlazimisha afungue alichofunga. Na ikishindikana, mwaka ujao ataweka nguo yake mwenyewe. Alijiapia hivyo kaburini, mkono juu ya udongo. Nadhani Adrien naye, mwaka wa kwanza, alijiapia hivyo hivyo.

Wageni waliondoka wawili wawili. Siku ya tisa alibaki Simone peke yake, mdogo wa mwisho wa Ngalula, miaka kumi na tisa. Kwao mjane haachwi peke yake. Ndugu wa kike anabaki kulala naye mpaka moyo utulie. Simone alijitolea kabla hajaombwa. Alikuwa ameacha masomo yake kwa muda, akaja na begi dogo.

Walikuwa wanakula, wote watatu, jua likiwa bado juu ya majani. Plamedie alimaliza sahani yake. Aliisukuma mbele.

"Mama," alisema. "Niko na njala."

Simone alicheka, akamwongezea. Plamedie alikula. Ngalula alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama. Niko na njala."

Siku tisa. Haukupita mwaka. Siku tisa tu, kwa sababu mtoto alikuwa anakua, na kila kitu chake kilikuwa kinakua naye. Ngalula alishika mkono wa binti yake chini ya meza. Ulikuwa bado mnene, lakini alipobonyeza kwa kidole gumba, ngozi haikurudi upesi.

Angeweza kuinuka na kuweka kikwembe alichokuwa amevaa. Alikuwa ameapa atafanya hivyo. Nakuhakikishia kwamba aliwaza hivyo, na kwamba aliwaza kwa nguvu zote, pale pale, kijiko mkononi. Lakini akifa yeye, nani atajua namna ya kuilisha?

"Yaya, usisikitike," Simone alimwambia dada yake mkubwa, akimshika bega. "Miye nitabakia na weye. Hata mwaka muzima. Sina haraka."

Plamedie aliinuka bila kuambiwa. Alichukua begi la mama yake mdogo kwa mikono miwili, akalipeleka chumbani kwake, upande wa ukuta, palipokuwa na nafasi.

Ngalula alimeza.

"Bon," alisema. "Nguo yako chafu weka mu beseni. Nitakufulia miye mwenyewe."

Simone alicheka tena, akasema yaya wake hajabadilika hata kidogo, akaenda kubadili nguo.